Mutu wa Kiti ya Kushoto

Mbele ya kuniuliza asiransi inalipiwa wapi, mwanangu, niambie kwanza: nani atakaa kiti ya kushoto?

Eh, munacheka. Kila kijana mwenye anakujaga hapa kwangu, ku Butembo, na ufunguo ya motokari ya baba yake mu mukono, anaanza na bei. "Mama Kahindo, wewe ulitumika mu asiransi miaka mingi, ya mutu mwenye anajifunza ni bei gani?" Mimi bei haiko yangu tena. Nilishapumzika, niko nalima mboga yangu ya poaro nyuma ya nyumba. Na siku hizi munalipa ku telefone, munatuma foto ya motokari, karatasi inarudi mbele maharagi haijaiva. Ni vizuri, sikatai. Sisi tulikuwa tunaandika na mukono juu ya kaboni, vidole vyeusi paka Siku ya Mungu ku misa. Mais telefone haiulizi nani atakaa kushoto. Njo maana mukae, munywe chai, muniache niseme.

Kwa mwenye hajui: asiransi, ile batu ba ku radio banaitaga bima, inamujua shofere mwenye permi, karatasi ya ruhusa ya kuendesha. Baba yako analipa, iko na permi, siku akigonga mutu asiransi inalipa hospitali ya ule mutu. Sasa baba yako akikupatia volan, usukani, ili ujifunze, wewe hauna permi, asiransi haikujue. Uko mugeni mu nyumba. Lazima baba afike ku biro aseme: mu motokari yangu kuko mutu anajifunza, jina yake ni hii. Tunamuandika. Na tunaweka sharti moja: pembeni yake, mu kiti ya mbele, kukae mutu mwenye permi. Hapana nyuma. Hapana inje, anafuata na mbio ku dirisha, ju niliona hata bale. Pembeni, fasi mukono yake inafika ku freni.

Na huku kwetu pembeni ni kushoto. Motokari zetu mingi zinapitiaga Kasindi, zinatoka Uganda, volan yao iko kuume, na sisi tunatembea kuume ya njia. Donc shofere anakaa upande wa mufereji. Anaona mufereji vizuri sana, na kuku za batu. Mais katikati ya njia, kule kamiyo, malori makubwa, zinatokea, mwenye kuona mbele ni mutu wa kushoto. Mukimuita musafiri munakosea. Ule ni macho ya shofere.

Hii sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na shefu Muhindo, Mungu amurehemu, mukubwa wa ajansi yetu. Muprotestanti wa kweli, hakunywe, hakutukane, mais akikukasirikia anakuambia "dada yangu" na unatamani akupige. Nilikuwa mupya ku kazi. Muchuuzi moja wa vikwembe, vitenge, alikuja kuandikisha bibi yake, alikuwa anajifunza. Nikaandika muzuri, nikapiga kashe, muhuri ya ajansi, nikajisikia mutu. Shefu akaangalia karatasi, akaniuliza:

"Umepanda?"

"Kupanda nini, shefu?"

"Motokari, dada yangu."

Nikamujibu mimi niko mutu wa karatasi. Akavaa kofia, akanipeleka kwa miguu paka kwa ule muchuuzi, akafungua mulango ya nyuma, akanionyesha na kidole: ingia. Ule mama akawasha. Bwana yake alikuwa mbele pembeni yake, anasoma gazeti! Tulitoka mu parsele, uwanja ya nyumba yao, vizuri, tukakata kona vizuri, kisha tukaingia mu shamba ya ndizi ya jirani na tukaendelea kulima. Nilitoka na majani mu nywele. Shefu akapanguza kofia yake pole pole, akaniambia, "Sasa unajua ulichouzisha." Tangu siku ile sikuandika tena mutu mwenye anajifunza bila kupanda naye kwanza. Wenzangu balikuwa bananicheka, banasema Kahindo anapenda lifti. Bacheke.

Nikipanda, hata sikuwa naangalia ule mwenye anajifunza. Ule tunajua hajui. Nilikuwa naangalia wa kushoto. Anasinzia? Ana telefone ku sikio? Anapiga makelele? Mutu wa makelele ni mubaya kushinda wa kusinzia, ju mwenye kujifunza akiogopa mutu wa pembeni, anaacha kuangalia njia anaanza kuangalia ule mutu. Muandike hiyo mu kichwa. Na kiatu! Wadada, hapana kujifunza na sapato ya kisigino ya arusi. Wakaka, hapana na kandambili. Tena hapana siku ya soko, na hapana na muzigo mu motokari. Motokari yenye kubeba viazi haisimamiki kama yenye mutupu.

Batu banaelewaga asiransi kila mutu na namna yake. Kulikuwa katekista moja, mutu muzuri kabisa, niliisha kumubandikia karatasi ku kioo, akashika volan akasema, "Sasa niko na asiransi, batu bajiangalie benyewe!" Nikabandua ile karatasi palepale. Akaniomba samahani mbele ya watoto wake, nikabandika tena.

Bon. Nilitaka kuwaambia ya mzee Kasereka, na niko nazunguka ju kila mara nikiifikia roho inajaa.

Mzee Kasereka alikuwa na mashamba ya viazi ku Kipese, kule juu ya milima, na nyumba hapa mu kartie yetu, mutaa wetu. Mutoto wake Paluku njo alikuwa anashusha viazi na pikapu ya jamaa, Kipese paka Butembo, mara ingine paka Beni. Siku moja Paluku alianguka kutoka juu ya magunia, akavunjika mugongo. Hakukufa, mais tangu siku ile ni mutu wa kitanda. Na motokari? Balijaribu kuweka bashofere ba kulipwa. Wa kwanza alirudisha magunia pungufu, akasema njia ilitikisa. Wa pili alirudi bila gurudumu ya akiba, akasema ilijiendea. Mzee mwenyewe alikuwa na permi tangu zamani, aliendeshaga kamiyo ya kahawa, mais goti yake ilikuwa imekauka, haiwezi tena kukanyaga ambreyaji, pedali ya klachi. Viazi zilikuwa zinaoza kule juu, na watoto ba Paluku balishaanza kufukuzwa ku masomo ju ya feza. Kulibakia mutu moja: Masika, bibi ya Paluku. Akasema, "Mimi nitajifunza."

Balikuja ku biro, nikasema kama kawaida: nitapanda kwanza. Nikabakuta ku kiwanja ya mupira ya paroisi. Yesu! Masika ku volan, peke yake mbele, macho makubwa. Na mzee Kasereka? Amesimama nyuma mu bene, fasi ya kubebea magunia, na kapoti yake ya baridi na kofia, ameshika chuma. Akigonga paa ya kabine mara moja, motokari inasimama. Akigonga mara mbili, inaenda. Njo vile bakonvoyeri, batu ba juu ya muzigo, baliongozaga kamiyo za kahawa. Watoto ba kartie balikuwa ku mupaka wa kiwanja banapiga kelele pamoja naye: "Moja! Mbili!"

Nikangoja agonge mara moja, motokari ikasimama, nikamuendea.

"Baba Kasereka, shuka. Kaa mbele."

"Mbele wapi?"

"Pembeni ya Masika. Kushoto."

Aliniangalia kama vile nilimuambia avue suruali mu misa. "Mama Kahindo, wewe uko Munande ao uko mugeni?"

"Niko Munande, baba."

"Sasa unaniuliza nini? Ule ni muke wa mutoto wangu."

Nyinyi wa telefone pengine hamujui. Kwetu, zaidi kwa bazee ba milimani, baba-mukwe na mukamwana, ni kusema muke wa mutoto wake, habakai bega kwa bega. Habapeani mukono. Anamuwekea chakula ku meza, anaondoka. Yeye anamuita "mama," na mama anapita nyuma ya nyumba ili basikutane mu mulango. Hapana chuki, ni heshima. Mimi nilikomalia mu hiyo. Baba-mukwe wangu alinipenda sana, alinipatia mbuzi nilipozaa, mais miaka yote sikuonaga meno yake.

Donc nilielewa. Mais kuelewa na kuandika ni vitu mbili.

"Mama Kahindo, umuache tu," Masika akaniambia pole pole ku dirisha. "Kugonga yake naisikia vizuri."

"Leo unasikia, uko ku kiwanja. Mu soko, kati ya mapikipiki na muziki, utasikia nini?" Nikageuka kwa mzee. "Baba, mwenye permi akikaa nyuma, asiransi inamuita muzigo. Siandike."

Akagonga paa mara mbili, bakaenda. Njo jibu yake.

Kisha siku kadha akanikuta ku biro. Hakukaa. Alisema akiangalia ukuta: "Nitakaa. Kuja upande motokari." Nikaenda. Ile pikapu mbele iko na kiti moja ndefu, batu batatu banaenea. Masika kuume ku volan, mzee kushoto, na mimi? Walinikalisha katikati kama chumvi kati ya samaki mbili. Mzee alikuwa anafundisha dirisha. "Mama apunguze," anaambia dirisha. "Mama aone ile pikipiki inakuja." Mais, banangu, alifundisha! Hakupiga kelele hata mara moja. Alikuwa anaona kitu mbele sisi sote hatujaiona. Freni ya mukono ya ile motokari ilikuwa chini ya tablo, dashibodi, ya kuvuta, na mukono ya mzee ilikuwa inajua fasi yake bila yeye kuangalia. Nikasema hapa kuko macho. Nikaandika.

Sikujua kama kisha mimi kutoka katikati, ile fasi itabakia wazi, na baba yetu hawezi kuivumilia. Bibi yake mzee, mama-mukwe wa Masika, njo alitafuta dawa: alitundika kikwembe mu kabine, kutoka ku paa paka ku kiti. Kila mutu na chumba yake! Mzee yuko mbele, yuko pembeni, sharti yangu imetimia, na heshima imetimia. Mimi sikuambiwa. Niliiona na macho yangu, asubui moja, niko nachagua shu, ile kabichi, ku materemko yenye inashuka ku soko. Pikapu inakuja pole pole, na ndani pazia ya bluu ya maua. Bamama ba soko balikufa na cheko. "Angalieni, ni chumba ya bibi-arusi!" Na mimi nilicheka. Kisha nikaelewa: Masika haone kushoto hata kidogo.

Nilitupa ile shu, nikaanza kuteremka na mbio, napunga mikono. Ku kushoto, mu kanjia kadogo, kulikuwa kunatokea Mbusa, kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na mbao marefu juu. Chukudu ku materemko haina freni, munajua, ni kiatu cha mwenyewe. Nikasikia sauti ya mzee inapiga "Simama!", na motokari badala ya kusimama ikaruka. Maskini Masika, aliogopa, akakanyaga pedali ya esanse, ya mafuta. Kisha kile kikwembe nikakiona kinapasuka, kinaruka, motokari ikakata kuume, pua mu mufereji, ikanyamaza.

Mbusa alikuwa hai. Muguu yake moja ilikuwa imekamatwa kati ya chukudu na gurudumu. Banaume balinyanyua ile motokari na mikono. Nilipofika, mzee Kasereka alikuwa chini, nyuma pembeni ya bene, amepiga magoti, na ile goti yake mubaya, anafunga muguu ya Mbusa na kipande ya kikwembe ili damu isimame. Masika alikuwa ku volan bado.

Mbusa alipelekwa hospitali. Mufupa ilivunjika mara mbili, ilitaka kupasuliwa. Alikuwa na bibi na watoto badogo, na chukudu njo ilikuwa shamba yake. Asiransi ikilipa, anapona. Asiransi ikikataa, ni jamaa ya Kasereka kulipa, na kitu yenye balikuwa nayo ya kuuzisha ni ile motokari. Bakiuzisha ile motokari, Paluku na watoto banakula nini?

Biro ikatuma mutu wa kuchunguza, kijana kutoka Beni, mupole, na kartable ya karatasi. Aliulizia ku soko. Na batu ba soko bakamuambia nini? "Ule mzee? Anakaaga nyuma mu bene, anagonga paa, kartie yote inajua." Na siku ile? "Tulimuona ku bene." Kweli, balimuona ku bene, chini, anafunga damu! Nikamuambia ule kijana, mais alinijibu na heshima, "Mama, wewe njo uliuzisha hii asiransi. Tena, ulimuona mzee mu kiti?" Sikuweza kusema bongo, kumudanganya. Nilikuwa nimeona kikwembe. Mutu, sikuona.

Akaomba jamaa yote ikutane ku parsele ya mzee. Balikuja: bandugu ba Mbusa, ukuta moja ya banaume benye hasira, mukubwa wa kartie, bandugu ba mzee kutoka Kipese, bazee benye fimbo, bamama mu kivuli ya jiko. Paluku balimutoa na kitanda yake, balimuweka ku mulango. Kijana wa Beni akauliza ulizo moja tu.

"Mwenye permi alikuwa amekaa wapi?"

Mzee Kasereka alikuwa anaangalia mikono yake. Na bandugu yake ba Kipese balikuwa banamuangalia yeye. Kila mutu pale alijua kama akisema "mbele," hapana kiti peke yake anasema. Ile kikwembe ilipasuka. Ilipasuliwa na nani? Freni ilivutwa na nani, na mukono ya nani ilikuwa hapo?

Masika akasimama. Alikuwa na macho chini, sauti kidogo. Akasema:

"Baba alikuwa nyuma."

Banangu, musikilize. Ule mutoto-muke alikuwa anatupa motokari, anatupa kazi yake, anatupa chakula ya watoto yake, ili baba-mukwe asisikie haya mbele ya batu. Bazee ba Kipese bakatikisa kichwa: vizuri, huyu amelelewa. Bandugu ba Mbusa bakaanza kunguruma. Kijana wa Beni akafungua kalamu yake.

"Hapana," mzee Kasereka akasema.

Alisimama na shida, ameshika kiti.

"Mama, wasingya." Ni kusema aksanti, mu Kinande. Na alimuangalia Masika usoni wakati wa kuisema, mara ya kwanza nilimuona kufanya vile. "Wasingya, mais hapana kusema bongo ju yangu. Nilikuwa mbele. Niliona ule kijana wa chukudu, nilipiga kelele, mama akaogopa. Mukono yake ilikuwa ku freni, haikuwa na nguvu. Nikapasua kikwembe. Nikaweka mukono yangu juu ya mukono yake, tukavuta pamoja."

Ndugu yake moja wa Kipese akapiga fimbo chini. "Kasereka! Mbele ya batu?"

"Mbele ya batu. Kijana iko ku hospitali na muguu mubovu, wewe unanihesabia mukono?"

Kijana wa Beni, pole kwake, kazi ni kazi, akasema, "Baba, unionyeshe." Ju kusema, hata mutu wa nyuma anaweza kusema. Motokari ilikuwa palepale mu parsele, na pua yake yenye kukunjana. Tukaizunguka sisi wote. Masika akaingia kuume. Mzee akazunguka, akafungua mulango ya kushoto, akakaa. Kisha Masika akaweka mukono ku freni chini ya tablo, na mzee akanyoosha yake, ile mukono kubwa ya mashamba, akaiweka juu. Bakavuta. Freni ikalia: krrr.

Bamama ba ku jiko balishika midomo. Paluku, ku kitanda yake, alikuwa analia wazi kama mutoto. Na mama-mukwe, bibi ya mzee, alienda paka ku motokari, akatoa kipande ya kikwembe yenye ilibakia inaning'inia ku paa, akaikunja vizuri mu ine, akaiweka ku mabega yake. Akasema, "Bon. Nilikuwa naitafuta." Njo cheko ikatoka, hata bandugu ba Mbusa balicheka, na kijana wa Beni akaandika fasi mutu alikaa.

Asiransi ililipa. Mbusa alipasuliwa, alipona, anachechemea kidogo wakati wa mvua. Leo anauzisha mbao, na akimuona Masika anapiga kelele kutoka mbali, "Mama Freni, niko ku njia, unione!" Masika alipata permi yake ku mara ya pili. Ku mara ya kwanza balimuangusha ju alikuwa anangoja kugongewa paa. Na tangu siku ile ya parsele, mzee Kasereka alikaa kiti ya kushoto kila safari, bila kikwembe, Kipese paka Butembo, anafundisha, na hapana tena dirisha alikuwa anaambia.

Munaniulizaga kama ninajuta kupoteza maisha mu kazi ya kuuzisha kitu yenye batu habapendi kununua. Najuta nini? Namushukuru Mungu. Namushukuru shefu Muhindo na kofia yake, ju bila ile shamba ya ndizi ningeandika Masika nikiwa ku biro, mzee mu bene, na Mbusa angekuwa mu udongo. Namushukuru ule mutoto-muke mwenye alitaka kutupa yote kwa heshima, na namushukuru mzee mwenye alikataa. Asiransi inalipa hospitali. Kusimamisha motokari mbele Mbusa hajafa, ile ilifanywa na mukono ya mutu wa pembeni. Njo maana nitakuuliza tena, wewe mwenye ufunguo: nani? Kaka yako wa kusinzia? Tafuta mutu mwenye anaweza kusikia haya ju yako.

Mara ya mwisho nilimuona mzee, nilikuwa nimepumzika ku kazi. Nilipanda Kipese kubasalimia, nikamukuta mugonjwa, pumuzi inamukatika. Masika alikuwa na viazi tayari mu motokari, zinangojewa ku soko. Bandugu baliweka matela, godoro, mu bene, juu ya magunia, ili mzee alale ku njia ya hospitali. Akakataa.

"Mimi niko mutu wa mbele," akasema. "Weka huyu mama wa asiransi ku bene."

Na balinipandisha! Mimi, Kahindo, mwenye nilikatazaga batu maisha yote, nimekaa juu ya viazi na matela, muzigo kabisa, vumbi mu meno. Njia yote, kupitia dirisha kadogo ka kabine, nilikuwa naona mabega yao mbili. Na nilikuwa nasikia mzee, hana tena sauti ya kusema, anagonga tablo na kidole. Moja, Masika anapunguza. Mbili, anaenda.

Ku mulango ya hospitali balimushusha bainfirmie babili, bauguzi ba pale. Masika akataka kuzima motokari, kumufuata ndani. Mzee akasimama, akaachilia mikono ya bale bainfirmie, akaweka kiganja ku paa ya kabine. Akagonga mara mbili. Kisha akageuka, akaingia, na hakutoka tena kwa miguu yake.

Masika alibakia ku volan, machozi inamwagika. Nikashuka ku bene, nikafungua mulango, nikakaa kushoto.

"Mama," nikamuambia, "umesikia. Amegonga mbili."

Akapanguza macho na kikwembe, akaingiza vitesi ya kwanza, na tukaenda ku soko.